Yanayobaki Chumbani kwa Mama Pole

Watu wasiowahi kufanya kazi ya kusikiliza hudhani ni kazi ya kukaa. Ndivyo walivyodhani walimu wenzake Mama Pole. "Mwenzetu umeangukia pazuri," walimwambia kwenye chumba cha walimu, vikombe vya chai mkononi. "Unakaa, unatikisa kichwa, kengele inalia, unakwenda nyumbani." Naye alitabasamu tu, maana hata nguvu ya kubishana hakuwa nayo.

Jina lake la kwenye barua za ofisi lilikuwa refu na zuri, lakini wanafunzi walimwita Mama Pole kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla hujakaa. Umefiwa, pole. Umefeli, pole. Umejikwaa mlangoni, pole wewe na mlango nao pole. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na uchovu ule ambao kulala hakuuondoi, unaamka nao asubuhi kama mlivyoachana jana.

Kwa cheo alikuwa mshauri nasaha. Miaka ishirini alifundisha jiografia, kisha akapelekwa kusomea ushauri, akarudi akakuta shule ya wanafunzi elfu moja na mia mbili imemtengea stoo ya vifaa vya michezo. Nyavu walizitoa, harufu ya mipira wakaiacha. Walimpa meza, viti viwili na feni lenye kelele kama mashine ya kusaga. Feni hilo hakuliwasha kwa ajili ya joto, usidanganyike. Ukuta wa upande wa veranda ulikuwa ubao mwembamba, nje ya ubao palikuwa na benchi, na benchi lilikuwa na masikio.

Kila mwanafunzi aliyeingia mara ya kwanza alipewa maneno yale yale kabla hajafungua mdomo. "Unachosema hapa kinabaki hapa, isipokuwa mambo matatu: ukitaka kujidhuru, mtu akikudhuru, au kukiwa na mtu mwingine yuko hatarini. Hayo sitayafungia kabatini. Ila nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu." Aliyasema hata kwa aliyekuja kuomba kidonge cha kichwa. Wengine walicheka. Wengine waliyasikia, wakafikiri, wakainuka wakaondoka, na hao ndio waliomkosesha raha wiki nzima.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi radio aliyestaafu, mtu wa mzaha asiyechoka. Akirudi mkewe anamvua mkoba begani, anamuuliza habari za kazi, kisha anajijibu mwenyewe: "Najua, najua. Hukuona kitu, hukusikia kitu. Basi angalau ule kitu." Mama Pole anacheka, anakula, anaangalia ukuta. Mumewe anajua kuna jambo, na jambo lenyewe halijui. Miaka tisa wameishi hivyo. Mzee wa watu alizoea, ila kuzoea si kupenda.

Sasa basi, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, wa miaka kumi na tano, ambaye darasa zima lilimwita Bi Harusi. Usifikirie mapambo. Walimwita hivyo kwa kuwa kila asubuhi aliingia wa mwisho, wenzake wote wameshakaa, mwalimu amesimama, macho yote mlangoni. Akifika anainamisha kichwa, anakwenda kiti cha nyuma, na kabla ya kipindi cha pili kwisha ameshalala juu ya daftari. Mchana kengele ya mapumziko ikilia yeye ndiye wa kwanza kutoka, mbio hadi getini, na akirudi amechelewa tena, jasho linamtiririka.

Mwalimu wake wa hesabu alimleta kwa Mama Pole amemshika bega. "Huyu kichwa anacho," alisema. "Ila kinalala. Nimemchapa kwa maneno mpaka nimechoka mimi."

Siku hiyo, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Bi Harusi alikuwa mtu wa nane tangu asubuhi. Wa kwanza alikuwa amefiwa na baba. Wa nne alikuwa kijana anayelia bila kujua analia nini. Mama Pole hakuwa amekula, kichwa kilimgonga, na alipomkalisha yule msichana akaanza maneno yake ya kila siku: "Unachosema hapa kinabaki hapa..."

Mlango ukagongwa. Mkuu wa shule. Si mtu mbaya yule, ila alipenda orodha. Alitaka majina ya wanafunzi wote waliopita mle mwezi ule pamoja na shida zao, kwa ajili ya ripoti. Mama Pole akatoka nje, akamwambia idadi atampa, majina hatampa. Mkuu akasema basi majina peke yake, bila shida zao. Mama Pole akasema wala hayo. Wakavutana pale nje dakika kumi kwa sauti za chini kama watu wanaogombana msibani. Aliporudi kitini alikuwa bado anabishana na Mkuu kichwani. Akawasha feni.

"Haya mwanangu," akasema. "Tulikuwa tunasema kwamba unachosema hapa kinabaki hapa. Niambie."

Nusu ya pili ya maneno yake haikusemwa. Ilibaki kule nje, kwenye ubishi na Mkuu. Na Mama Pole hakujua kwamba hakuisema, kwa kuwa ukisema jambo mara elfu unaweza kuapa kwamba umelisema.

Bi Harusi hakusema lolote siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Alikaa, akajibu ndiyo na hapana, akakubali pole tatu au nne. Mama Pole hakumsukuma. Wiki ya tatu, Jumatano, saa nne asubuhi, msichana alikaa akaangalia feni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, ulisema yanabaki hapa?"

"Nilisema."

Ndipo ikamwagika. Mama yao ameondoka wiki tisa sasa. Baba hayupo, hajawahi kuwepo, hilo si habari. Mama alisema anakwenda wiki moja kutafuta kazi mji mwingine, akapiga simu mara mbili, kisha simu ikawa haipatikani. Nyumbani wako watatu: yeye, mdogo wake wa miaka minane anayesoma shule ya msingi, na kitinda mimba wa miaka mitatu na nusu. Anaamka alfajiri, anawapikia uji, anafua, anamsindikiza wa pili shule. Ndiyo maana anachelewa.

"Na mdogo kabisa?" Mama Pole akauliza. "Nani anakaa naye?"

Msichana akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja somo la kipindi kijacho, "Nafunga kwa kufuli. Namwachia maji na chakula, viberiti natoka navyo mfukoni. Jirani aliyekuwa ananisaidia kumtazama amehama. Mapumziko nakimbia kwenda kumwona, halafu narudi."

Mama Pole akainua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Msichana bado alikuwa anazungumza. Sasa alikuwa ameonja utamu wa kutua mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa. Alisema mambo mawili ambayo hakuwahi kumwambia mtu. La kwanza, siku mama yake alipoondoka, yeye alifurahi. Mama alikuwa analia kila siku, chumbani, jikoni, akiosha vyombo, na siku ile nyumba ilikuwa kimya, akakaa mlangoni akafurahi, na mpaka leo anajichukia kwa furaha ile. La pili, kila akilala anavaa sweta la mama yake. "Harufu yake inaisha," alisema. "Silifui, lakini inaisha tu."

Mama Pole hakusema pole. Nadhani ndiyo mara ya kwanza neno lile lilimkwama. Alikuwa anafikiria mtoto wa miaka mitatu nyuma ya kufuli, na alikuwa anajiandaa kusema yale aliyowaambia wengi kabla yake: unakumbuka siku ya kwanza nilikwambia mambo matatu? Akafungua mdomo, akatafuta siku ile ya kwanza kichwani, akaikuta. Mlango uligongwa. Mkuu. Orodha. Haya mwanangu, niambie.

Loo! Hakuwa amemwambia.

Angeweza kudanganya. Nani angejua? "Nilikwambia, hukusikiliza vizuri." Neno la mtu mzima dhidi ya mtoto anayelala darasani. Lilimpitia akilini, silifichi, likapita.

"Mwanangu," alisema, "nimekukosea. Siku ya kwanza nilitakiwa kukwambia kwamba kuna mambo siwezi kuyaficha. Mtu akiwa hatarini nalazimika kusema. Humu kila mtu namwambia. Wewe sikukwambia. Si kosa lako, ni langu."

Msichana alimtazama kwanza bila kuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulisema yanabaki hapa."

"Nilisema. Na mdogo wako yuko peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa. Ukitokea moto, nani atafungua?"

"Viberiti ninavyo mimi!" Akavitoa mfukoni mwa sketi, akavibwaga mezani. "Hivi hapa! Nimefikiria yote. Hawezi kufika dirishani, hawezi kufika popote. Mwalimu, wakijua watatugawa. Huyu kule, huyu huku. Nilikuja kwako kwa sababu ulisema yanabaki!"

"Sitasema yote. Nitasema hilo moja tu, la mtoto. Mengine ni yako."

"Hilo moja ndilo lenyewe," msichana akasema.

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma Mama Pole kuliko kelele. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini wahenga hawakumwona binti wa miaka kumi na tano akikimbia saa sita mchana na viberiti mfukoni.

Akaenda kwa Mkuu. Akasema sentensi mbili: kuna mtoto mdogo peke yake nyumbani kwa mwanafunzi, naomba ruhusa ya kutoka naye sasa hivi. Mkuu akataka kujua mama yuko wapi, tangu lini, imekuwaje, na akaomba aone daftari analoandikia mazungumzo ya chumbani. "Daftari hapana," alisema Mama Pole. "Ya mtoto nimekwambia kwa sababu ni ya hatari. Yaliyobaki si ya hatari, ni ya huzuni, na huzuni haiingii kwenye ripoti." Mkuu akamtazama, akasaini ruhusa. Nilisema si mtu mbaya.

Akampigia simu afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini ingawa ilikuwa mchana. Kisha yeye na msichana wakatoka kwa miguu. Njia nzima Bi Harusi alitangulia hatua kumi mbele na hakugeuka. Mama Pole alimfuata na magoti yake, akipita maduka, mafundi baiskeli, mitaro, akijisemea moyoni kwamba akimkuta mtoto yule mzima hataomba kitu kingine mwaka huu.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, safi kuliko nyumba nyingi zenye watu wazima. Vyungu vimepangwa, nguo zimeanikwa. Msichana alifungua kufuli. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amekumbatia kijiko kikubwa cha mbao, macho yamevimba.

"Sikulia, dada," akasema upesi. "Leo sikulia."

Mama Pole aliketi kizingitini bila kukaribishwa. Alikuwa amefundishwa kutolia mbele ya mtu anayemshauri, akaikumbuka elimu yake yote, na haikumsaidia. Machozi yalimtoka. Msichana alimchukua mdogo wake mgongoni, akasimama pembeni, akamwacha mtu mzima alie.

Yaliyofuata ni ya serikali, na ya serikali hayana haraka ila yakifika yamefika. Afisa alikuja na fomu. Akaandika, akapiga simu, akawapata ndugu. Mama mkubwa, dada wa mama yao, alikubali kumchukua msichana na kitinda mimba. Nyumba yake haikuwa na nafasi ya watatu. Wa pili, yule wa miaka minane, akachukuliwa na mjomba wake anayekaa upande wa pili wa mji, mabasi mawili na kutembea.

Wakagawanywa, kama alivyosema. Siku ya kuhama, yule wa miaka minane alibeba begi lake la shule na godoro lililokunjwa, na msichana alimfunga kamba za viatu mara mbili ingawa hazikuwa zimefunguka. Mama Pole alikuwepo. Msichana hakumwangalia.

Baada ya hapo alikuja shule kwa wakati. Hakulala tena darasani, na mwalimu wa hesabu akampongeza Mama Pole mbele ya watu: "Umemtengeneza yule! Umetumia dawa gani?" Akajibu, "Hakuna dawa," akaondoka na chai yake. Kwa maana chumbani kwake msichana hakukanyaga tena. Wakikutana verandani alitoa shikamoo iliyonyooka, ya adabu, akapita. Heri angemtukana. Na wanafunzi si wajinga, waliona. Wiki ile walikuja watano tu, wiki iliyofuata watatu. Benchi likakaa tupu. Mama Pole alikaa na feni lake akajiuliza kama nusu ile ya sentensi imemfungia mlango yeye badala ya mtoto.

Mumewe alimwambia jioni moja, safari hii bila mzaha, "Mke wangu, umepungua. Iache kazi hii."

"Nikiiacha nani atakaa mle?"

"Atapatikana mtu."

"Ndiyo hofu yangu," akasema. "Atapatikana mtu yeyote."

Ulipopita mwezi na nusu, mama yao akarudi. Alikuwa kwa rafiki yake mji mwingine. Kazi hakuipata. Alilala kitandani pa watu akisema kesho nitarudi, kesho nitawapigia, na kila kesho ilivyopita aibu iliongezeka mpaka ikamlemea kabisa. Afisa alimpata, akampeleka kliniki, akaanza matibabu ya huzuni yake, akapewa ruhusa ya kuwaona watoto nyumbani kwa dada yake mara mbili kwa juma, yule wa pili akiletwa na mjomba. Wakiridhika naye, atarudishiwa wote.

Ijumaa moja akaja shuleni, akaketi kwenye kiti kile kile alichokalia binti yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mtoto hanisemeshi," alisema. "Ananiamkia, ananiletea chai, anauliza kama nimekula, basi. Kama mgeni. Wale wadogo wananirukia, yeye ananiletea chai. Alinisema nini kwako? Ananichukia?"

Jamani. Hebu jiweke pale. Sweta liko kwenye ncha ya ulimi wako. Neno moja tu, na mama wa watu analala usingizi leo. Na nani angemlaumu? Ni jambo jema, la kupendeza, si la kumdhuru mtu. Lakini Mama Pole alijua kwamba jambo jema la mtu ni lake kama lilivyo baya lake, na kwamba msichana alilitoa pamoja na lile jingine, la furaha, katika pumzi moja, na aliyetoa siri mbili pamoja hukusudia zote mbili zitunzwe.

"Siwezi kukujibu, mama," alisema. "Si kwa sababu ni baya. Wala sisemi ni zuri. Siwezi tu."

Mama akaondoka anajifuta macho.

Jumatatu Mama Pole akamsimamisha msichana bombani, mahali pa wazi, asije akadhani anavutwa chumbani. "Sikuulizi chochote," alisema. "Nakwambia tu. Mama yako alikuja. Aliuliza ulisema nini juu yake. Sikumwambia. Nimekuja kuomba ruhusa nimwambie la sweta tu."

Msichana alifunga bomba. Akafikiri.

"Hapana."

"Sawa."

"La mdogo wangu ulilisema."

"Nililisema. Na leo ningelisema tena."

"Hili usiliseme."

"Sitalisema."

"Hata akilia?"

"Hata akilia, mwanangu."

Msichana akamwangalia usoni, mara ya kwanza tangu siku ya kufuli. Hakuonyesha kuamini wala kutoamini. Akabeba ndoo yake akaenda.

Mama alikuja tena Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Ijumaa ya tatu hakuingia chumbani. Alimngoja Mama Pole verandani wakati wa kutoka, shule nzima inamiminika kwenda getini, na hapo akamvaa.

"Mimi ndiye niliyemzaa!" alisema kwa sauti ya kupasuka. "Wiki tatu nakuja hapa nakuomba kama maskini. Ulipotaka kuiambia serikali mdomo ulikuwa nao! Wanangu wakagawanywa kama nguo za marehemu. Leo mama mzazi anakuomba neno moja juu ya mtoto wake, mdomo huna?"

Wanafunzi walisimama. Wapi utawapata wanafunzi wasiosimama hapo? Mwalimu wa hesabu akatoa kichwa dirishani. Mkuu akatokea mlangoni mwa ofisi yake, akasubiri, naye alitaka kusikia. Mama Pole alisimama katikati ya macho yale yote, mkoba begani, miguu inamuuma. Alikuwa amechoka hoi. Alichoka kuwa mbaya kwa mtoto kwa kusema, na mbaya kwa mama kwa kunyamaza. Maneno yalikuwa pale pale, mafupi, na yangemaliza kila kitu. Kila mtu angemwona mwema, yule mama angemkumbatia, watu wangepiga makofi.

Kando ya nguzo, mkoba wa shule kifuani, alisimama Bi Harusi. Mama Pole hakumwona. Nakuapia hakumwona. Watu walimsimulia baadaye kwamba alikuwepo tangu neno la kwanza.

"Una haki ya kunikasirikia, mama," alisema. "Nitukane, nitasikiliza. Na Ijumaa ijayo ukija nitakupa kiti. Lakini alichoniambia mwanao sitakwambia leo, wala kesho, wala ukipiga magoti. Muulize yeye."

"Hanisemeshi! Nimekwambia hanisemeshi!"

"Basi tutangoja wote wawili," alisema Mama Pole.

Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya veranda, akaficha uso kwenye pochi yake, akalia mbele ya watoto wa watu. Mama Pole naye, na magoti yale, akashuka taratibu akakaa kando yake. Hakumshika, hakumwambia pole. Walikaa tu. Wanafunzi wakaanza kuona haya, wakapungua mmoja mmoja.

Ndipo wakaona viatu vya shule vimesimama mbele yao. Msichana aliinama, akampangusa mama yake vumbi la bega, akamchukulia pochi.

"Inuka, mama," alisema. "Twende. Nitakwambia njiani."